Elimu kwa Umma: Fedha za Wakimbizi wa Vietnam Zilipitia Wapi

Kutokana na malalamiko yanayozidi kutufikia kutoka kwa familia za Kikongo zilizopokelewa Marekani, kwamba Wavietnam waliotangulia walikabidhiwa hela mkononi na serikali ilhali wao wanahimizwa kutafuta kazi mapema, tunaona ni vyema, kama ofisi inayosimamia posho za wakimbizi, kueleza utaratibu ulivyokuwa.

Sheria iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford tarehe 23 Mei 1975 iliidhinisha dola milioni 455 kwa wakimbizi wa Indochina (yaani Vietnam na nchi jirani), waliokuwa takriban 130,000. Fedha hizo hazikugawiwa watu moja kwa moja. Sehemu yake iligharamia kambi za mapokezi, ikiwemo Fort Chaffee kule Arkansas. Sehemu nyingine ilirejeshwa kwa majimbo yaliyolipia matibabu na posho. Na dola 500 kwa kila mkimbizi zililipwa kwa shirika la hiari lililomtafutia mfadhili. Kama shirika lilimpa mkimbizi fedha taslimu au lilimnunulia sufuria, magodoro na nguo za baridi, huo ulikuwa uamuzi wa shirika. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado yanasemwa yale yale.

Kutoka kambini nako kulikuwa na masharti. Mkimbizi alikubaliwa na nchi nyingine, au alirejea Vietnam, au alithibitisha kuwa na dola 4,000 kwa kila mtu wa kaya yake, maana yake dola 24,000 kwa familia ya watu sita, au alipata mfadhili. Wengi walitegemea mfadhili, ambaye aliahidi chakula, mavazi, malazi na msaada wa kupata kazi na shule hadi familia ijitegemee. Ahadi hiyo ilikuwa ya kimaadili tu; haikumbana mtu kisheria, na ilipovunjika, familia haikuwa na pa kushtaki. Kwa maoni yetu, huo ndio uliokuwa udhaifu mkubwa wa sera ile. Serikali iliwatawanya majimbo yote ili mzigo usielemee eneo moja, lakini wengi walihama wenyewe baadaye kuwafuata ndugu zao, hasa Orange County, California.

Sheria ya Wakimbizi ya tarehe 17 Machi 1980 iliweka ukomo wa miezi 36 kwa majimbo kurejeshewa gharama za posho, na muda huo umepunguzwa mara kadhaa tangu hapo. Kanuni zilizotokana nayo ndizo tunazozisimamia. Mpokeaji wa posho ya wakimbizi anayekataa kazi inayomfaa bila sababu ya msingi husimamishiwa posho kwa miezi 3 kwa kosa la kwanza, na miezi 6 kwa kila kosa linalofuata. Akiwa ndani ya kaya, fungu lake pekee ndilo linalokatwa, wala si la mke, mume au watoto. Kabla ya hapo ni lazima apewe taarifa ya maandishi na nafasi ya kusikilizwa. Barua hiyo isitupwe kwa sababu imeandikwa Kiingereza: iletwe ofisini isomwe, kwa kuwa rufaa ina tarehe ya mwisho.