Leseni ya kompyuta mbili, na laptopu iliyokufa ikahesabiwa

Nina laptopu moja. Programu ninayotumia kuhariri sauti inaruhusu kompyuta mbili. Siku niliyobadilisha diski na kupakia kila kitu upya, niliingiza namba ya leseni, nikajibiwa kwamba nafasi zangu zimekwisha. Ya kwanza ilikuwa imeshikwa na laptopu yangu ya zamani, iliyoungua bodi mwaka uliotangulia. Ya pili ilishikwa na hii hii iliyokuwa mbele yangu, ila kwa sura yake ya kabla ya diski mpya. Nilikuwa nagombania nafasi na marehemu na kivuli changu mwenyewe.

"Ukifuta programu, nafasi inarudi"

Hili ndilo kosa linaloumiza wengi. Hesabu ya nafasi haikai kwenye kompyuta yako, inakaa kwenye seva ya aliyekuuzia. Unapoamilisha, yaani unapoiwasha programu kwa namba ya leseni, programu husoma alama za mashine kama vile namba ya diski, ya kadi ya mtandao na ya bodi, ikazisaga kuwa msimbo mmoja, na seva ikaandika: leseni hii, mashine hii. Ukifomati, umefuta upande wako tu. Kule hakuna aliyepelekewa habari. Ni mpangaji aliyehama usiku bila kuaga: chumba ni kitupu, lakini kwenye daftari la mwenye nyumba bado kina mtu.

Zipo programu zinazorudisha nafasi zenyewe zikiondolewa kwa utaratibu, na zipo zisizorudisha, kwa hiyo usibahatishe. Intaneti ikiwepo, tafuta kwenye menyu ya msaada au ya akaunti mahali pa kuzima leseni au kutoka kwenye akaunti. Ukishamaliza hapo ndipo ufute, kisha ufomati. Mashine ikiwa imeshakufa, menyu hiyo huifikii tena. Ingia kwenye akaunti yako kupitia kivinjari uiondoe kwenye orodha ya vifaa, na kama orodha haipo, waandikie huduma kwa wateja. Apple, kwa upande wa iTunes, huruhusu kompyuta 5, na zikijaa unaweza kuziondoa zote kwa mpigo, lakini mara moja tu kwa mwaka. Mimi niliandika barua pepe ya mistari mitatu. Nafasi zilifunguliwa baada ya siku mbili na sikuulizwa swali hata moja.

"Kompyuta mbili ni kompyuta mbili"

Ingekuwa hivyo tungelala usingizi. Kila kampuni ina hesabu yake. Leseni ya mtu binafsi ya Adobe Creative Cloud, kifurushi chenye Photoshop na wenzake, huamilishwa kwenye kompyuta mbili, lakini si ya kutumika kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Microsoft 365 huruhusu kuweka programu kwenye vifaa vingi upendavyo, ila unaoweza kuwa umeingia navyo kwa pamoja ni 5.

Halafu kuna zile zinazohesabu matukio, si mashine. Mchezo wa Spore ulipotoka mwaka 2008 uliruhusu kuamilishwa mara 3. Mara, si kompyuta. Wachezaji walikuja juu, Electronic Arts, kampuni iliyoutoa, ikapandisha hadi 5, na baadaye ikatoa njia ya kurudisha nafasi. Soma neno lililoandikwa baada ya tarakimu, ndilo lenye mambo. Na ukiweka mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa kwa programu) ndani ya kompyuta yako, leseni nyingi huihesabu kuwa kompyuta nyingine kamili.

"Nimelipa, ni mali yangu, naweza hata kuuza"

Umelipia ruhusa ya kutumia. Ruhusa hiyo inauzika au haiuziki? Hata mahakama hazijakubaliana. Marekani, mwaka 2010, mahakama ya rufaa katika kesi ya Vernor dhidi ya Autodesk iliona kwamba mteja wa Autodesk alikuwa mpewa leseni, si mmiliki wa nakala, hivyo nakala zake za AutoCAD, programu ya kuchorea ramani za ujenzi, hazikupaswa kuuzwa tena. Miaka miwili baadaye, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kinyume katika kesi ya UsedSoft, muuzaji wa leseni zilizokwishatumika, na Oracle, kampuni ya programu: leseni isiyo na mwisho inaweza kuuzwa, mradi muuzaji aifanye nakala yake isitumike tena. Yaani hata pale unaporuhusiwa kuuza, hubaki na yako.

"Ukibadilisha kifaa chochote, leseni imekufa"

Kuongeza RAM peke yake kwa kawaida hakuna shida. Kinachoitikisa Windows ni bodi mama, ile wanayoiita mazabodi. Hapo swali ni leseni yako ni ya aina gani. Iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani imefungwa na mashine ile na huwezi kuihamishia nyingine, ilhali uliyoinunua peke yake inahama, kwenye mashine moja kwa wakati. Kabla ya kumpa fundi kompyuta, unganisha leseni na akaunti yako ya Microsoft. Ni kazi ya dakika mbili, na baadaye hukuwezesha kuieleza Windows kwamba umebadilisha vifaa hivi karibuni.

"Imekubali, basi ni halali"

Neno "imeamilishwa" maana yake seva imeikubali namba hiyo siku hiyo. Namba nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa ni za mashirika, walizopewa kwa mkataba wa kompyuta zao. Aina moja huwa na idadi maalumu ya kuamilisha, na ikiisha imeisha. Nyingine hutegemea seva ya shirika lenyewe na hudumu siku 180 bila kuwasiliana nayo. Mnunuzi hushangilia Januari, na Julai anamtafuta muuzaji asiyepokea simu.

(LibreOffice na wenzake wa programu huria, zile za bure ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzisambaza, hawana hesabu hizi kabisa. Weka kwenye mashine 1 au 1,000.)

"Leseni ya milele haihitaji kampuni"

Haiihitaji, mpaka siku ya kupakia upya. Desemba 2012 Adobe ilizima seva zilizokuwa zikiamilisha Creative Suite 2, kifurushi cha mwaka 2005 chenye Photoshop ndani yake. Ili wateja wake wasikwame, iliweka mtandaoni nakala zisizohitaji kuamilishwa, pamoja na namba zake. Habari ilienea haraka kwamba Photoshop sasa ni ya bure, watu wakapakua kwa furaha, na Adobe ikalazimika kueleza kwamba nakala zile ni za waliokuwa na leseni tayari.