Kuchagua Meli ya Kitalii: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Watu wakipanga likizo ya baharini huuliza kwanza, "Kampuni gani ni nzuri?" Swali hilo ndilo linalowapoteza wengi. Kampuni haipandwi. Inayopandwa ni meli moja yenye jina lake, katika njia moja, kwa wiki moja ya mwaka. Hayo matatu yakikosewa, sifa za kampuni hazimwokoi mtu. Inaniuma kuona mtu makini, aliyejinyima mwaka mzima, akilipia safari kwa kutazama picha ya bwawa la kuogelea. Hizi ndizo dhana ninazozisikia mara kwa mara, na hivi ndivyo mambo yalivyo.

"Kampuni ni nyingi, na kila moja ina mwenyewe"

Majina ni mengi, wenyewe ni wachache. Carnival Corporation inamiliki Carnival, Princess, Holland America, Cunard, Costa, AIDA, Seabourn na P&O ya Uingereza. Royal Caribbean Group ina Royal Caribbean, Celebrity na Silversea, pamoja na nusu ya TUI Cruises. Norwegian ni ndugu wa Oceania na Regent Seven Seas. MSC ni ya familia ya Aponte, makao yake yako Geneva, na imeanzisha Explora Journeys kwa wanaotaka anasa zaidi.

Undugu huo haumaanishi kwamba ndani mwake mnafanana. Kila jina limeshonewa mteja wake. Carnival ni sherehe tangu asubuhi. Holland America huvuta watu wanaopenda utulivu na muziki wa jioni. Kwenye Cunard bado kuna usiku wa kuvaa rasmi, suti na magauni marefu. AIDA huendeshwa kwa Kijerumani, na asiyekijua atakuwa mgeni wiki nzima hata chumba kikiwa kizuri namna gani. Kwenye Costa na MSC matangazo hutolewa kwa lugha kadhaa, moja baada ya nyingine. Lugha ya melini ni jambo ambalo watu husahau kuliuliza, nami ningeliuliza kabla ya bei.

"Meli kubwa ni msongamano, meli ndogo ni nafasi"

Hapa panahitaji hesabu kidogo. Ukubwa wa meli ya abiria hutajwa kwa tani, lakini tani hizo si uzito. Ni kipimo cha ujazo, yaani nafasi yote iliyofungwa ndani ya meli. Zigawanye kwa idadi ya abiria wakihesabiwa wawili kila chumba, utapata kadirio la nafasi inayomwangukia kila mmoja.

Tuzichukue meli nne. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, ina tani 248,663 na abiria 5,610, nayo inatoa tani 44 kwa kila abiria. Queen Mary 2, yenye tani karibu 149,000 na abiria wapatao 2,700, inatoa 55. Seven Seas Explorer ina tani 55,000 hivi tu, lakini hubeba abiria 750, kwa hiyo inapita 70. Kisha kuna Grandeur of the Seas ya mwaka 1996, tani karibu 74,000 na abiria wapatao 2,000: inatoa 37. Icon inaizidi Grandeur ukubwa zaidi ya mara tatu, na bado abiria wake wana nafasi zaidi. Anayekimbilia meli ndogo ili apumue anaweza kuishia pabanifu zaidi kuliko alikokimbia.

Hesabu hiyo ina mwanya mmoja, na hapo ndipo wiki ya mwaka inapoingia. Vyumba vingi vina kitanda cha tatu na cha nne. Shule zikifungwa, vitanda hivyo hujaa watoto, na Icon iliyohesabiwa watu 5,610 inaweza kubeba hadi 7,600. Gawanya upya: 44 inashuka hadi 33. Meli ni ileile na bwawa ni lilelile, ila foleni si ileile, na wiki hiyo ndiyo yenye nauli ya juu. Asiye na mtoto wa shule hana sababu ya kusafiri siku hizo.

"Nimewahi kupanda meli ya kampuni hii, kwa hiyo nazijua zote"

Grandeur na Icon nilizozitaja hapo juu zote ni za Royal Caribbean. Kati yao kuna miaka 28. Anayeona tangazo la kampuni lenye mabomba ya kuteleza majini, marefu kama ghorofa, kisha akakata tiketi ya bei nafuu bila kusoma jina la meli, huenda akapanda meli isiyo hata na moja ya mabomba hayo.

Hata hivyo meli kuukuu si mbaya kwa sababu ya umri wake. Nyingi hufanyiwa ukarabati mkubwa, na ndogo huingia bandari ambazo zile kubwa huzitazama kwa mbali. La msingi ni kusoma jina la meli kwenye tiketi, kuangalia mwaka ilipojengwa na mwaka ilipokarabatiwa, na kutazama ramani ya sitaha zake. Ukiwa na ramani hiyo, kagua pia kilicho juu na chini ya chumba unachopewa. Chumba kilicho chini ya ukumbi wa muziki kitakufundisha ratiba ya bendi.

"Bei ya tangazo ndiyo bei ya safari"

Dhana hii ndiyo inayogharimu watu zaidi kuliko nyingine zote.

Bei kubwa unayoiona ni ya mtu mmoja, na imekadiriwa kwamba chumbani mmo wawili. Anayesafiri peke yake mara nyingi hulipia na kitanda kitupu, hivyo hulipa karibu mara mbili. Norwegian Epic ilipoanza kazi mwaka 2010 ilikuja na vyumba vidogo vilivyotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, na tangu hapo kampuni nyingine zimefuata. Vyumba hivyo ni vichache na huisha mapema.

Kisha kuna bakshishi. Kwenye kampuni nyingi zinazolenga soko la Marekani, si hiari ya mfukoni. Huingizwa kwenye bili kila siku, kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu katika chumba cha kawaida, na watoto huhesabiwa. Watu wawili kwa usiku saba ni dola 224 hadi 280. Ongeza intaneti, vinywaji, migahawa ya kulipia, ziara za nchi kavu, na ndege ya kwenda bandarini na kurudi. Safari iliyoonekana ya bei ya chini hubadilika sura.

Upande wa pili ziko kampuni zilizojumuisha mengi. Nauli ya Viking ya baharini ina intaneti, ziara moja katika kila bandari, na divai au bia wakati wa mlo. Regent hujumuisha karibu kila kitu, bakshishi ikiwemo. P&O ya Uingereza iliacha kutoza bakshishi mwaka 2019. Kulinganisha nauli ya Regent na ya Carnival kwa tarakimu ya kwanza pekee ni kama kulinganisha bei ya nyumba yenye samani na ya nyumba tupu.

Ila "kila kitu kimejumuishwa" nako si faida kwa kila mtu. Asiyekunywa pombe analipia glasi za wenzake. Kuhusu vifurushi vya vinywaji, kuna sharti ambalo halionekani haraka: kwenye Carnival na Royal Caribbean, mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wengine wa chumba hicho nao hutakiwa kununua. Wanandoa ambao mmoja wao hanywi wapige hesabu ya glasi moja moja kwanza. Mara nyingi kifurushi hakilipi.

"Meli ikisema inakwenda Roma, inakwenda Roma"

Roma haina bahari. Meli hufunga gati Civitavecchia, zaidi ya kilomita 70 kutoka mjini. "Florence" ni Livorno, mwendo wa kilomita 90 hivi. "Paris" ni Le Havre, kama kilomita 200. "Berlin" ni Warnemünde, zaidi ya kilomita 200, karibu saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Meli ikikaa bandarini saa kumi, siku yako ya Berlin ni saa nne, na hapo hujasimama kwenye foleni yoyote.

Venice inahitaji umakini wa pekee. Tangu Agosti 2021, meli zenye tani zaidi ya 25,000 zimezuiwa kupita katika mfereji wa mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko, kwa hiyo safari inayouzwa kwa jina la Venice inaweza kuanzia Trieste au Ravenna. Santorini nako hakuna gati la meli kubwa. Abiria hushushwa kwa mashua, kisha hupanda ukingo wa mlima kwa magari ya kebo, kwa punda, au kwa ngazi zinazokaribia 600. Meli tatu zikifika asubuhi moja, nusu ya siku huishia kwenye foleni ya kebo. Mwenye matatizo ya magoti anahitaji kulijua hili akiwa bado nyumbani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Antaktika. Kanuni za safari za huko haziruhusu meli yenye abiria zaidi ya 500 kushusha mtu yeyote, na watu wanaoweza kuwa ufukweni kwa wakati mmoja hawazidi 100. Meli kubwa inayopita Antaktika kwa bei nafuu inakuonyesha barafu kutoka sitahani, basi. Meli ya abiria 100 au 150 ni ghali sana, lakini ndiyo itakayokukanyagisha theluji.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba ratiba isomwe kama mkataba: jina halisi la bandari, saa ya kufika, saa ya kuondoka, gati au mashua. Ukurasa huo mmoja una habari nyingi kuliko picha zote za tangazo.

"Safari za meli ni za wazee"

Inategemea umepanda ipi. Viking haipokei walio chini ya miaka 18, na Virgin Voyages pia, ila ya kwanza ni mihadhara na utulivu, ya pili ni muziki hadi usiku wa manane. Disney imejengwa juu ya watoto. Asiyetaka kupita katikati ya mashine za kamari ajue kwamba Disney na Viking hazina kasino kabisa.

"Nitaugua bahari, kwa hiyo nichukue chumba cha juu chenye roshani"

Hewa ya roshani husaidia, lakini juu ndiko meli inakoyumba zaidi, na omoni, yaani mbele ya meli, ndiko inakopanda na kushuka zaidi. Anayeogopa kichefuchefu achague chumba cha katikati, sitaha za chini. Kwa kawaida ni cha bei ndogo pia. Meli za kisasa zina mapezi pembeni yanayopunguza kuyumba, ila njia ndiyo inayoamua: mfereji wa ndani wa Alaska umekingwa na visiwa, ilhali mlango wa bahari wa Drake, kwenye njia ya Antaktika, una mawimbi makali.

"Melini ni magonjwa matupu"

Mlipuko wa norovirusi, virusi vinavyoleta kutapika na kuharisha, ukitokea melini hufika kwenye habari kwa sababu meli hulazimika kuuripoti. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinasema milipuko ya melini ni asilimia 1 tu ya milipuko yote ya norovirusi inayoripotiwa. Kituo hicho hukagua meli zinazoingia bandari za Marekani na kuzipa alama kwa mia. Alama 85 kushuka chini ni kufeli, na matokeo huwekwa wazi kwa jina la meli. Ukibaki na meli mbili usizoweza kuchagua kati yake, alama hizo ni kipimo kizuri. Ukishapanda, nawa mikono kwa sabuni na maji. Dawa ya kupaka mikononi haifanyi kazi vizuri dhidi ya virusi hivyo.

"Mambo ya viza yatashughulikiwa na kampuni"

Hayatashughulikiwa. Jukumu hilo ni la abiria, na asiyekuwa na karatasi zinazotakiwa huzuiwa bandarini bila kurudishiwa nauli.

Kwa wenye pasipoti zinazohitaji viza, hili lina uzito kuliko jina la kampuni. Safari inayoanzia Italia, ikapita Uturuki, kisha ikarudi Ugiriki, imetoka na kuingia tena katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya kuingia mara moja haitoshi, na ya Uturuki ni suala jingine. Kuna pia sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayokataza meli zenye bendera za nje, yaani zilizosajiliwa nchi nyingine, kusafirisha abiria kati ya bandari za nchi hiyo pasipo kugusa bandari ya kigeni. Meli nyingi za kitalii hupeperusha bendera za Bahamas, Panama, Bermuda au Malta. Kwa sababu hiyo meli za Alaska zinazotoka Seattle kwa kawaida husimama Victoria, Kanada, hata kwa saa chache za jioni, na abiria huhitaji ruhusa ya Kanada pamoja na viza ya Marekani inayomrudisha. Pride of America, yenye bendera ya Marekani, huzunguka visiwa vya Hawaii wiki nzima bila kugusa nchi nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha mabwawa na migahawa, mimi ningeweka ratiba za kampuni mbili mezani kando ya pasipoti. Mara nyingi moja hujiondoa yenyewe.