Kutafuta mwenyeji wa kukwea naye katika miamba ya Saksonia

Vijana wa Moshi, Arusha na Nairobi wanaoniandikia kuhusu safari ya kukwea Ujerumani huanza karibu wote kwa swali moja: nani atatupokea? Nikiwauliza wafafanue, hujibu kwamba wanatafuta mahali pa kulala. Mimi ni mkufunzi wa ukweaji wa miamba, ninaishi Dresden katika jimbo la Saksonia, na kazi yangu ya pembeni, isiyo na mshahara, ni kuwaunganisha vijana hao na wenyeji wa huku. Ninachowaambia ni kwamba kitanda hupatikana kwa urahisi kuliko mambo mengine yote ya safari hii. Kigumu kupatikana, na ndicho kinachostahili kuombwa kwanza, ni mtu wa kufungana naye kamba.

Sababu iko kwenye mwamba wenyewe. Ukanda unaoitwa Uswisi ya Saksonia uko kusini-mashariki mwa Dresden, pande zote mbili za Mto Elbe, hadi mpakani na Jamhuri ya Cheki. Treni inayofuata mto hukufikisha huko kwa chini ya saa moja, na ukishuka Rathen unavuka kwa kivuko kisicho na injini, kilichofungwa kwenye waya na kusukumwa na mkondo wa maji. Ng'ambo utakuta minara ya mawe ya mchanga. Katika ukanda mzima ile inayoruhusiwa kukwewa ni zaidi ya 1,100, kila mmoja una jina lake, na mingi ina kitabu kileleni ambamo wakweaji huandika majina yao. Mwaka 1864 wanamichezo kutoka Schandau walifika kilele cha Falkenstein wakisaidiwa na vifaa. Kizazi kilichofuata kikaona kwamba kujivuta kwa vifaa ni kuudhulumu mwamba, na mwaka 1913 Rudolf Fehrmann, mwanasheria wa Dresden, akachapisha kanuni ambazo kiini chake kinafuatwa mpaka leo: mkweaji apande kwa mikono na miguu yake, na vifaa viwe vya kumlinda akianguka tu.

Kanuni hizo zina matokeo ambayo mgeni hawezi kuyabuni akiwa nyumbani. Vyuma vya kubana kwenye nyufa, vile tunavyovitegemea kwenye miamba ya Kenya kama Lukenya na Hell's Gate, vimepigwa marufuku kwa sababu hulimega jiwe laini. Badala yake kiongozi wa kamba, yaani anayetangulia kupanda, hupiga fundo kwenye kitanzi cha kamba na kulichomeka ndani ya ufa, na uhai wake hutegemea kama amechagua fundo la ukubwa unaofaa na kulikalisha mahali panapofaa. Chaki ya mikononi hairuhusiwi. Pete za chuma za kupitishia kamba zipo, lakini ni chache na ziko mbali mbali, kwa kuwa aliyefungua njia ndiye aliyeamua ziwe wapi, naye alitoboa mwamba na kuzikaza akipanda kutoka chini. Mvua ikinyesha, kukwea kunasimama hadi jiwe likauke kabisa, jambo linaloweza kuchukua siku nzima au zaidi, maana jiwe la mchanga likilowa hupoteza nguvu na kishikio kinaweza kung'oka pamoja na mkono ulioshika. Mapema katika mwaka baadhi ya minara hufungwa ili ndege wanaozaliana huko, kama kozi na korongo weusi, wasisumbuliwe.

Mtu anaweza kuyasoma hayo yote kitabuni, na bado siku ya kwanza akashindwa kujua kama fundo lake litashika. Ujuzi huo hupitishwa mkono kwa mkono, na ndiyo maana mwenyeji asiyekwea, hata akiwa mkarimu namna gani, anakupatia nusu tu ya unachohitaji.

Lazima niseme jambo ambalo huwakera baadhi ya wanaoniandikia. Kuwa mwongoza watalii wa Kilimanjaro, hata ukiwa umefika Uhuru, mita 5,895, mara nyingi kiasi cha kutozihesabu tena, hakukufanyi kuwa mkweaji wa miamba. Kunakupa pumzi, uvumilivu na busara ya mlimani, mambo ambayo wenyeji wa huku watayaheshimu sana. Lakini kazi ya kamba ni fani nyingine. Aliyejifunza kuongoza kamba Lukenya, au aliyefika kilele cha Batian au cha Nelion kwenye Mlima Kenya kwa kupokezana uongozi na mwenzake, ana msingi ulio karibu zaidi na kinachomsubiri. Naye pia aje akiwa tayari kushuka ngazi kadhaa. Madaraja ya ugumu ya Saksonia huandikwa kwa tarakimu za Kirumi, na kuanzia VII huongezwa herufi a, b na c. Majedwali ya kuyalinganisha na ya Ufaransa yapo, ila hayasemi lolote kuhusu umbali wa kutoka pete hadi pete. Ninawashauri wageni waanze na njia ambazo nyumbani wangeziona ni za watoto.

Basi mtu huyo wa kamba anapatikana wapi? Kuna milango miwili, na vijana wa Kaskazini mwa Tanzania wamezoea kubisha mmoja tu. Uhusiano wa Uchagga na Saksonia ni wa zamani: Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuwa mtu wa Leipzig, na wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Ushirikiano kati ya makanisa unaendelea, wageni huenda na kurudi, na kijana wa KKKT akipitia usharika wake anaweza kabisa kupata familia ya Kisaksoni itakayompokea. Mlango huo ni mzuri, nami siwakatazi kuupitia. Familia hiyo, hata hivyo, itakupeleka kanisani, makumbusho na pengine kwenye daraja la mawe la Bastei kupiga picha. Haitakufunga kamba.

Mlango wa pili ni vyama vya wakweaji. Kikubwa kati yake ni Sächsischer Bergsteigerbund, kilichoanzishwa mwaka 1911, na chini yake kuna vilabu vidogo vidogo ambavyo baadhi vina umri wa zaidi ya karne. Kilabu kinaweza kuwa na watu kumi waliokwea pamoja tangu ujana wao na wasioona haja ya mtu wa kumi na moja. Usikate tamaa kwa hilo. Wazee hawa walikulia Ujerumani Mashariki, ambako safari za kwenda milima ya Magharibi zilikuwa zimefungwa, na mapenzi yao yote wakayaelekeza kwenye minara hii. Kijana anayetoka mbali ili ajifunze fundo lao huwagusa kuliko anayekuja kuhesabu vilele. (Shuleni wengi wao walifundishwa Kirusi kabla ya lugha nyingine za kigeni, kwa hiyo barua ya Kiingereza isiyojibiwa huenda haikusomeka. Tafuta mtu wa kuitafsiri kwa Kijerumani, hata aya mbili.) Wanaimba pia: Dresden ina kwaya ya wakweaji iliyoanzishwa mwaka 1927, inayobeba jina la Kurt Schlosser, mwanachama wao aliyeuawa na utawala wa Nazi mwaka 1944. Nimewaona vijana waliokulia kwenye kwaya za usharika wakipokelewa haraka zaidi kwa sauti ya besi kuliko kwa picha zao za kileleni.

Barua yenyewe iwe fupi na ya kweli. Nyingi ninazoletewa nizipitie husifu Ujerumani kwa aya nzima, kisha huomba "msaada wowote". Mwenyeji hawezi kujibu ombi lisilo na umbo. Mwandikie hivi: "Tuko wawili, tuna miaka 22 na 24. Tumekwea miaka mitatu Lukenya. Mmoja wetu anaongoza kamba, mwingine anajua kumshikia na kumfuata. Hatujawahi kutumia mafundo badala ya vyuma na tungependa kufundishwa. Tutakuwa Dresden wiki mbili za kwanza za Septemba na mahali pa kulala tunapo. Je, kuna siku mbili ambazo tungeweza kwenda nanyi, kwa njia mtakazochagua ninyi?" Barua ya namna hiyo inamwambia mwenyeji atakuwa na nani kwenye kamba, itamgharimu nini, na itaisha lini. Mara nyingi kitanda hufuata chenyewe jioni ya siku ya kwanza, baada ya kushikana mikono kileleni. Uongo ndio usioweza kurekebishwa. Ukidai unaongoza kamba ilhali hujawahi, utagunduliwa mahali pabaya.

Waafrika Mashariki tunakosea pia kwenye malipo ya fadhila. Kwa furaha ya kupokelewa, kijana humwahidi mwenyeji kwamba akija Tanzania atapandishwa Kilimanjaro bure. Ada za hifadhi hulipwa kwa TANAPA, kupanda bila mwongozaji hakuruhusiwi, na wapagazi ni lazima walipwe. Kijana huyo ameahidi mali isiyo yake. Ahidi kilicho chako: chumba nyumbani, siku za kutembea vijijini, kilo mbili za kahawa ya shambani. Na ule usemi wetu wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Wajerumani wanauishi bila kuujua. Osha vyombo, nunua mkate, fika kituoni kabla ya treni, na utaje tarehe ya kuondoka kabla hujafika.

Viza inataka nafasi yake, kwa sababu humo ndimo mwenyeji hubebeshwa mzigo ambao wengi huuomba bila kuuelewa. Barua ya mwaliko ya kawaida inaeleza tu kwamba fulani anakujua na atakupokea. Kama huna fedha za kutosha benki, ubalozi unaweza kutaka dhamana rasmi, iitwayo Verpflichtungserklärung, ambayo mwenyeji huisaini kwenye ofisi ya wageni ya mji wake baada ya kuonyesha kipato chake. Akishasaini, gharama zako, pamoja na matibabu na hata za kukurudisha nyumbani, zinaweza kudaiwa kwake. Usimwombe mtu unayemfahamu kwa barua mbili jambo hilo. Mwombe ndugu, au taasisi, au subiri mwaka mmoja uweke akiba. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake, ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Isome bima hiyo hadi mwisho. Zipo zinazotosha kwa ubalozi lakini zinazotaja kukwea kwa kamba miongoni mwa mambo zisiyoyalipia, na hapo utahitaji bima nyingine ya uokoaji.

Kuhusu majira, Mei na Juni na tena Septemba ni miezi mizuri. Watakaotaka kulala chini ya miamba, kama wakweaji wa huku walivyozoea tangu zamani, wajue kwamba ndani ya hifadhi ya taifa hilo linaruhusiwa mahali palipotengwa tu, kwa wanaokwea tu, bila kuwasha moto, na kwa miezi fulani haliruhusiwi kabisa. Mwulize mwenyeji kabla ya kubeba mfuko wa kulalia. Mizigoni weka viatu vyako vya kukwea, mkanda wa kiunoni, kofia ngumu na kifaa chako cha kushikia kamba. Vyuma vya nyufa viacheni nyumbani. Vitanzi vya mafundo msinunue mapema, kwa sababu mwenyeji atataka mtumie vyake, anavyojua vimepitia nini.