Je, dawa za maua huua udongo milele?
Naivasha utasikia watu wakisema: shamba likishapandwa waridi, udongo umekufa, hata sukuma wiki haioti tena. Si kweli. Dawa nyingi za wadudu, pairethroidi kwa mfano, huvunjwa na vijidudu vya udongoni ndani ya wiki au miezi. Inayokaa ni shaba ya baadhi ya dawa za ukungu, zile zinazoacha doa la kibuluu majani yakikauka. Hiyo ni metali, haiozi. Hujilimbikiza udongo wa juu na kuwadhuru nyungunyungu. Muuaji hasa wa viumbe vya udongoni alikuwa methili bromidi, gesi ya kufukizia udongo, ambayo Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, ilizitaka nchi zinazoendelea ziiache kufikia 2015, isipokuwa kwa matumizi machache. Tena siku hizi mawaridi mengi hupandwa kwenye pumisi, yaani mawe mepesi ya volkano, au makumbi ya nazi, si udongoni.