Eti basi kubwa linachafua hewa kuliko gari dogo?

Juzi kituoni Magomeni dada mmoja anasema bora aje na gari yake, maana mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya hapa Dar, ni libasi likubwa moshi wake ndo unaua mazingira. Hapana jamani. Lile refu lenye mkunjo katikati linabeba watu zaidi ya 100, sasa angalia Morogoro Road saa moja asubuhi, gari kibao dereva yuko peke yake, AC inanguruma, injini inachoma mafuta na haiendi popote. Ukigawa mafuta kwa kila abiria basi linachoma kidogo sana, na tangu 2016 lina njia yake halikai foleni.

Moshi mweusi unaumiza kweli, ila hiyo ni injini haijatunzwa, sio ukubwa. Hewa ya ukaa yenyewe, ile inayoongeza joto duniani, haionekani, hata gari inayochoma mafuta bila moshi mweusi inaitoa.

Ndo maana nawakubali sana UWABA, umoja wa waendesha baiskeli hapa Dar, baiskeli haichomi tone. Na watoto wafundishwe hii hesabu mapema, wangu nilimwambia ahesabu gari dirishani, akafika ya kumi na moja ndo akaona yenye watu wawili.