Kwa mara ya mwisho: Karama si mbinafsi

Nasahihisha tangu Ijumaa majibu juu ya Karama, mhusika mkuu wa riwaya ya Kusadikika. Vumbi la Septemba hapa Dodoma linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, na kila karatasi ninayoigeuza inabaki na alama ya kidole changu pembeni. Karatasi ya kumi na tatu: "Karama ni mbinafsi kwa sababu alijali mawazo yake kuliko jamii." Ya kumi na nne imeandika vilevile, na kosa la tahajia ni lilelile, kwa hiyo hao wawili nitawaita. Nilipofika ya kumi na tisa nikaweka kalamu chini nikaenda kuchemsha chai.

Miaka kumi na sita nafundisha fasihi na kosa hili halizeeki. Mhusika akiuliza swali ambalo wenzake hawaulizi, mwanafunzi anamwandikia "mbinafsi". Akikaa kimya akafuata, ni "mzalendo mwenye umoja". Kwa utaratibu huo, fasihi nzima ya dunia ina wazalendo wawili watatu, tena wote ni askari wa mlangoni.

Kwa walioacha shule zamani: Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka 1951. Ni nchi iliyoning'inia angani, na wenyeji wake ni Wasadikifu. Litazame jina lenyewe: wanaosadiki. Karama anashtakiwa kwa kuanzisha elimu ya uanasheria, mshtaki wake ni Majivuno, na anapopewa nafasi ya kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita wakalete mambo ya kuifaa nchi. Walirudi nayo. Wakafungwa. Mwisho wa kesi Karama anaachiwa, na wale sita wanatolewa kifungoni. Basi. Fani na maudhui mtajisomea.

Sasa niambie ubinafsi uko wapi hapo. Mtu anataka kufundisha wengine sheria ili na wao waweze kujitetea. Mbinafsi gani anataka watu wote wajue anachokijua?

Nikiwa na hasira kidogo huwa nawalaumu wanafunzi. Nikitulia naona kosa la nusu ni la lugha, na hapa naomba mnivumilie maana nitakaa.

Neno "binafsi" halina ubaya wowote. Shule binafsi, mali binafsi, mimi binafsi sijala tangu asubuhi. Libandike u- mbele, limekuwa tusi. Ubinafsi ni uchoyo, ni kula peke yako mlango umefungwa. Lakini neno hilohilo ndilo tunalolitumia tukitafsiri ile falsafa ya Wazungu inayosema mtu mmoja ana thamani yake kabla hujamhesabu kwenye kundi. Mambo mawili, chupa moja. Mwanafunzi akisoma kwamba mhusika "anapigania ubinafsi wake" anaona mtu aliyeficha nyama.

Jaribu njia nyingine uone. "Umimi"? Tusi. "Anajiona"? Tusi. "Anajifanya anajua"? Hilo ndilo baya kuliko yote, na huwa anaambiwa anayejua kweli. "Ana mambo yake" ni nusu tusi. Hata "ana lake", ambalo kwa herufi ni mtu mwenye jambo lake moja tu la halali, masikioni mwetu ni mtu wa kuchungwa. Ukikaa kikao cha mtaa mtu akanong'ona "yule ana lake", huyo hata akiomba maji ya kunywa atatazamwa. Tuna "Akili ni nywele, kila mtu ana zake", sawa, tunaisema tukicheka. Kikao kikifika kwenye kura tunasema "Wengi wape".

Kwa hiyo mwanafunzi hajakurupuka. Msamiati umemfikisha hapo kabla hajafungua kitabu.

Ila lugha hiyohiyo imehifadhi jambo lingine ambalo sijaona mwongozo wa kusahihishia ukiligusa. Kinyume cha mtumwa kwa Kiswahili cha zamani ni mwungwana. Mtumwa, neno lenyewe linajieleza: aliyetumwa. Anakwenda kwa agizo la mwingine. Mwungwana ni aliye huru. Na uungwana leo maana yake nini? Adabu. Kuheshimu watu, kujua kukaa nao, kujua kusema bila kuvunja mtu. Yaani kwa wazee wetu mtu huru hakuwa yule aliyekimbilia porini. Alikuwa yule anayeketi barazani, anasema, anajibiwa, anabisha, kisha jioni anasalimiwa kama kawaida. (Najua, nje ya baraza hilo kulikuwa na watu waliokuwa mali ya wengine. Sisemi ilikuwa pepo. Nasema neno limebeba nini.)

Hapo naingia kwenye kundi la pili la kosa, na hili linaniudhi zaidi maana lina kiburi.

Jumamosi tuna kikundi cha kusoma, nyuma ya duka la rafiki yangu kule Nkuhungu, viti vya plastiki na kahawa ya tangawizi. Wiki iliyopita kijana mmoja, mhitimu, anauza vifaa vya simu, alikuja amesoma riwaya fupi ya 1938 ya mwandishi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani. Ni ile distopia, yaani hadithi ya jamii ya kubuni iliyoharibika, ambayo watu wanaitwa kwa neno na namba badala ya majina ya kawaida, na neno "mimi" limepotea kabisa, kila mtu anajiita "sisi". Shujaa anagundua upya taa ya umeme, wakubwa wanaikataa, anakimbilia msituni.

"Mwalimu," akaniambia, "mwenye akili hana kundi. Kundi ni la kondoo."

Nikamuuliza taa aliigundulia wapi.

"Kwenye handaki."

"Handaki alichimba nani?"

Akanyamaza kidogo. Handaki lilichimbwa na watu wa kale, nyaya zilikuwa zao, na mahali alipojifichia kusoma alikuwa na maandishi ya kuiba yaliyoandikwa na wengine. Shujaa wetu wa upweke alikuwa na wenzake wengi sana, isipokuwa wengine walikuwa wamekufa. Na alipowasha taa, jambo la kwanza alilotaka ni kuwapelekea wataalamu waione!

Kuhusu lile neno lililopotea: hiyo hadithi ingeandikwa kwa Kiswahili ingekuwa kazi kwelikweli. Ukipiga marufuku "mimi" bado kuna "ni-". Nimekuja, naomba, nitakwenda. Ungelazimika kukata ulimi wa kitenzi chenyewe. Na upande wa pili, sisi tayari tunasema "kwetu Kongwa" mtu akiwa mmoja amesimama peke yake kituoni. Tunasema "baba yetu" hata mtoto akiwa ni wa pekee. "Kwangu" tunaiweka akiba mpaka tujenge. Karne zote hizo za kusema "kwetu" hazijamfuta mtu. Mjomba wangu anasema "kwetu" kutwa nzima na hakuna mbishi kama yeye wilaya yote ya Chamwino.

Huyo mjomba ndiye ninayemtumia darasani kuliko kitabu. Operesheni Dodoma, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, ilipofika 1971 alikuwa kijana mwenye mke mmoja na ng'ombe kumi na kitu. Watu wa Ugogo walikaa mbalimbali, tembe moja hapa, nyingine kule ng'ambo ya korongo, na aliyetoka nje aliona ni ushamba. Haukuwa ushamba. Mvua yetu ni chache na inanyesha kwa vipande: shamba hili limelowa, la hatua mia tano mbele ni vumbi. Ng'ombe wakirundikana mahali pamoja, majani yanakwisha miaka miwili. Kukaa mbalimbali kulikuwa ni fikra, tena fikra ya watu wengi kwa muda mrefu. Zikaja nyumba za kupangwa kwenye mstari.

"Sikukataa watu," ananiambia kila mara, akichora mchangani kwa fimbo. "Watu nawapenda. Nilikataa mstari."

Alihamishwa hata hivyo. Na hapa vijana wa "kundi ni kondoo" hawanipendi, kwa sababu yeye mwenyewe anasema shule ilikuwa nzuri, na bomba la maji lilikuwa zuri, na mama yangu alisomea kwenye shule hiyohiyo. Nisingekuwa nasahihisha chochote leo. Ukimuuliza kilichomuuma hatasema ujamaa. Atasema alisimama kwenye mkutano akaeleza kuhusu mvua, na aliyeongoza akaandika jina lake.

Na jambo ambalo wanafunzi wangu hawaamini mpaka nirudie mara mbili: andiko la Mwalimu Nyerere la Ujamaa Vijijini, la 1967, linasema vijiji hivyo haviwezi kujengwa kwa nguvu. Mwaka 1973 ikawa amri, kila mtu awe kijijini mwishoni mwa 1976. Katikati hapo, 1969, kule Ruvuma, chama kilivunja umoja wa vijiji ulioanzia Litowa. Watu wale walikuwa wajamaa kuliko wajamaa. Walilima pamoja, walikula pamoja, waliendesha shule yao. Kosa lao ni kwamba waliamua mambo yao wenyewe vikaoni. Msomaji anayedhani vita ni kati ya mtu mmoja na jamii, Litowa ataiweka upande gani? Hiyo ilikuwa jamii nzima iliyokuwa na fikra zake, ikaambiwa ina lake.

Ndiyo maana nasema distopia haipimwi kwa wingi wa watu waliokaa pamoja. Angalia swali linafanywa nini likiulizwa. Kusadikika haikuwa mbaya kwa kuwa na umoja. Ilikuwa inatuma watu wakatafute majibu, kisha inawafunga kwa kuyaleta.

Mwenye fikra huru basi anahitaji nini? Msitu? Kuna jaribio moja la saikolojia ninalolipenda, la Solomon Asch, Marekani, miaka ya 1950. Kundi la vijana wa chuo linaonyeshwa mistari, liseme upi unalingana na upi. Wote wamepangwa kudanganya isipokuwa mmoja. Huyo mmoja, katika karibu theluthi ya majibu, alifuata uongo alioona kwa macho yake kuwa ni uongo. Mpaka hapo kila mtu anaijua, na kijana wa simu aliitoa kama rungu. Sehemu ambayo haisimuliwi ni hii: akiwekwa mtu mmoja tu wa kusema tofauti na kundi, makosa yalishuka hadi kama robo ya yale ya awali. Mmoja tu. Wala haikulazimu awe sahihi. Hata alipokosea kuliko kundi, bado alimsaidia yule mwingine kusema anachokiona. Kwa hiyo kundi halikumfunga mtu kwa ukubwa wake. Lilimfunga kwa kukosa mpasuko.

Sasa niseme kinachonisumbua, maana nisipokisema mtakisema nyinyi. Mwaka 1996 wachunguzi walikusanya majaribio 133 ya aina hii kutoka nchi 17, wakaona watu wa jamii zinazotanguliza kundi hufuata wengine zaidi. Yaani sisi. Ningependa kujibu kwamba kufuata kwetu ni adabu, kwamba mtu anakubali kwa mdomo asiwaaibishe wenzake huku kichwani ana hesabu zake. Mara nyingi ni kweli. Lakini ukikubali kwa mdomo miaka thelathini, kichwani kunabaki nini? Mimi mwenyewe kwenye vikao vya walimu nimenyamaza mara nyingi nikaita heshima, na nikifika nyumbani siwezi kuapa kwamba haikuwa woga.

Na si kunyamaza tu. Mwaka juzi, kwenye mtihani wa majaribio, binti mmoja aliandika kwamba mbinafsi wa Kusadikika ni Majivuno, kwa sababu kila akisema "nchi" anamaanisha kiti chake. Kurasa mbili, amejenga hoja kama fundi. Mwongozo ulikuwa unasema ubinafsi uelezwe kwa mhusika mwingine. Nilikuwa nimechoka, zilibaki karatasi arobaini. Nikapiga mstari mwekundu kutoka juu hadi chini.

Alikuja ofisini kuuliza. Nikamwambia, "Jibu kilichoulizwa."

Nilikutana naye mwezi uliopita kituo cha Sabasaba, yuko chuo sasa, mwaka wa kwanza.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Ile hoja yako ya Majivuno ilikuwa sahihi. Nilikosea mimi."

Akacheka, akabadilisha mkoba bega.

"Najua, mwalimu. Kwenye mtihani wa taifa niliandika ya mwongozo."

Daladala yake ikawa imejaza, konda anaita. Akapanda.