Mateke baada ya kisu: maumivu tunayoyaona na tusiyoyaona

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote machinjioni hutoka kwa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na kwa watu waliokuja kusimamia mbuzi wao wa sherehe. Mbuzi ameshachinjwa, damu imepungua, kisha ghafla miguu ya nyuma inapiga mateke kwa nguvu. "Daktari, huyu si bado anaumia?" Wengine hugeuza uso kabisa.

Haumii. Mateke yale yanatoka kwenye uti wa mgongo, ambao huendelea kuamrisha misuli hata baada ya ubongo kuzima. Ndiyo maana mimi kama mkaguzi siangalii miguu. Naangalia kichwa: anajaribu kukiinua? Mbavu bado zinapanda na kushuka kwa mpangilio? Kisha naligusa jicho taratibu kwa ncha ya kidole. Kope ikipepesa, shina la ubongo bado linafanya kazi, na hapo sitaki kuona mtu anaanza kuchuna ngozi. Kope ikitulia, pumzi ikakoma na shingo ikalegea, mnyama hayupo tena, arushe mguu asirushe.

Nimeanza na hilo kwa sababu kadiri ninavyofanya kazi hii hapa Dodoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba huruma yetu hufuata macho, na macho hayajui maumivu yako wapi. Tunamwonea huruma mnyama ambaye hahisi kitu, halafu tunampita yule anayeteseka kimya.

Chukua mfano wa ng'ombe anayechomwa kisogoni. Dume mkubwa kumwangusha kwa kamba ni shughuli ya wanaume kadhaa, kwa hiyo yako maeneo ambako mchinjaji mzoefu humchoma kisu nyuma ya kichwa, pale fuvu linapokutana na pingili ya kwanza ya shingo. Ng'ombe huanguka papo hapo. Hana purukushani, hana mateke, na watazamaji husema amekufa vizuri. Kilichokatwa ni njia ya mawasiliano kati ya ubongo na mwili, basi. Damu inaendelea kufika kichwani, kwa hiyo anaona, anasikia, anahisi kinachofanyika usoni mwake, anakosa pumzi, na hawezi kujitikisa. Hii ndiyo njia ninayoichukia kuliko zote, na ndiyo inayoonekana ya upole.

Kuchinja kooni nako kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyajua kwa kutazama. Kwa mbuzi na kondoo, damu ya kulisha ubongo hupita karibu yote kwenye mishipa miwili mikubwa ya mbele ya shingo. Ikikatwa yote miwili kwa mkupuo mmoja, fahamu hupotea ndani ya sekunde chache tu. Ng'ombe ameumbwa tofauti. Ana mishipa mingine inayopanda ndani ya pingili za shingo, ambako kisu hakifiki, nayo huendelea kupeleka damu kidogo ubongoni. Tena ncha za mishipa iliyokatwa wakati mwingine hujirudi ndani, zikavimba na kuziba, damu ikapungua kutoka wakati ubongo bado uko macho. Ng'ombe wengi hupoteza fahamu ndani ya nusu dakika, lakini wapo wanaopitisha dakika nzima na zaidi. Kukata juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza, hupunguza kuziba huko. Kila mchinjaji anapaswa kufundishwa hilo siku ya kwanza.

Na kisu chenyewe? Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, walichapisha vipimo vya umeme wa ubongo wa ndama waliolazwa kwa dawa nyepesi ya usingizi kisha wakakatwa koo. Ubongo ulitoa alama zile zile zinazotokea kwa maumivu. Kisu kikali kirefu hupunguza uchungu, hakiufuti. Kisu butu ni jambo jingine kabisa, na sina maneno ya adabu kwa mtu anayesaga koo la mnyama mara tano au sita kwa sababu hakuona umuhimu wa jiwe la kunolea.

Hapa kwetu wachinjaji wengi ni Waislamu, nami nimefaidika sana na masheikh katika hili. Iko hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Shaddad bin Aws, inayoagiza wema katika kila kitu: ukichinja, chinja vizuri, noa kisu chako, umpunguzie mnyama taabu. Nikimkumbusha mchinjaji hadithi hiyo hunielewa upesi kuliko nikimsomea Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Juu ya kumzimisha mnyama, yaani kumpotezea fahamu, kabla ya kisu, wanazuoni hawajakubaliana, na siwezi kuwaamulia. Ila msomaji ajue kwamba New Zealand kondoo wengi huzimishwa kwa umeme wa kichwani ambao hauui. Mnyama asipochinjwa huzinduka. Kwa sababu hiyo wanunuzi wengi Waislamu huikubali nyama hiyo. Ningependa mjadala huo ufanyike huku kwa utulivu, wakiwemo wachinjaji wenyewe.

Muda wa kisu, hata hivyo, ni mfupi. Mateso marefu yanatangulia. Ng'ombe aliyetoka mnadani kwa fuso iliyojaa, akapindwa mkia ili apande, akalala njaa bila maji, akafika machinjioni asubuhi akiteleza kwenye sakafu yenye damu, ameteseka kwa saa nyingi. Na nyama huweka kumbukumbu. Misuli ya mnyama aliyetulia ina akiba ya sukari ambayo baada ya kuchinjwa hugeuka asidi, na kesho yake pH, kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi, huwa kati ya 5.4 na 5.8. Aliyechoshwa ameshaimaliza akiba ile. Nyama yake hubaki juu ya 6: nyeusi, inanata mkononi, inaharibika mapema. Wenye bucha wanaifahamu sana, huikataa au huishusha bei, lakini wachache huiunganisha na fimbo iliyotumika jana.

Sasa nije kwa kuku, maana ndiko moyo wangu uliko. Watu wengi mjini wameacha nyama nyekundu. Wengine wameshauriwa na daktari, na hao sina neno nao. Wengine huniambia wameacha kwa sababu wanamwonea huruma ng'ombe, macho yake makubwa yale. Hebu tufanye hesabu. Ng'ombe wetu wa asili hutoa nyama ya kilo 100 na ushee. Familia inayokula kilo moja kwa wiki itakaa naye karibu miaka miwili: kifo kimoja. Kuku wa kienyeji akishanyonyolewa hutoa kilo moja, au moja na ushee. Kwa nyama ile ile, familia hiyo itahitaji vifo karibu mia. Kwa dagaa sitaki hata kuhesabu.

Idadi peke yake isingenisumbua sana kama kuku wangekufa vizuri. Kuku wa kienyeji wa Bahi, Manyoni au Singida huishi maisha ambayo kuku wa kizungu hayajui: anaparua, anaoga vumbi, analala mtini. Shida huanza siku anaposhikwa. Hufungwa miguu, hutiwa kwenye tenga na wenzake, tenga likapandishwa juu ya basi au lori, safari ya Dar es Salaam chini ya jua. Au huning'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda. Kuku hana ule msuli unaotenganisha mapafu na tumbo kama sisi, kwa hiyo akigeuzwa juu chini matumbo yake hukandamiza mifuko ya hewa na kupumua kunakuwa kazi. Mbebaji husema, "Ona alivyotulia." Kutulia kule ni woga. Kuku aliyezidiwa na hofu huganda.

Kisha sokoni. Simama dakika kumi tu pale wanaponyonyoa, utazame mikono ya kijana mwenye haraka. Kisu kinapita upande mmoja wa shingo, kuku anatupwa kwenye pipa, na kabla pipa halijanyamaza anachukuliwa na kuzamishwa kwenye maji ya moto. Kukata upande mmoja huurefusha sana muda wa fahamu. Nimewahi kumtoa kuku kwenye foleni ya kuzamishwa, nikamgusa jicho, kope ikafunga. Mteja alikuwa amesimama pale pale anahesabu chenji. Kwa hiyo nawaomba mnaonunua: mwambieni akate pande zote mbili, kisha asubiri dakika mbili kamili. Hazimgharimu kitu, na wewe ndiye unayelipa.

Huwa naulizwa kwa nini basi mimi mwenyewe nakula nyama. Mkoa huu unapata mvua msimu mmoja, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na ardhi yake kubwa huotesha majani na miiba ambayo binadamu hawezi kuila. Mifugo huigeuza kuwa chakula, na mvua zikikatika ndiyo hunusuru kaya. Nalikubali hilo. Silikubali kama kibali cha kumtesa mnyama kabla ya kumla.

Samaki hana sauti, kwa hiyo hufikiriwa mwisho. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake, Scotland, waliwadunga samaki mdomoni, wengine sumu ya nyuki, wengine siki. Samaki waliodungwa siki walisugua midomo kwenye changarawe, na makundi yote mawili, la siki na la sumu, yalikaa muda mrefu bila kula. Baadhi ya wanasayansi bado wanabisha, wakisema samaki hana sehemu ya ubongo inayotupa sisi uchungu. Mimi naegemea kwa Sneddon, na nikikosea nitakuwa nimemhurumia samaki bure, hasara ambayo naimudu.

Kwa kambale wa mabwawa ya Mtera na Hombolo jambo hili ni zito zaidi. Juu ya matamvua yake ana kiungo cha kuvutia hewa, ndiyo maana hukaa hai kwenye beseni kwa saa nyingi wakati perege amekufa zamani. Jikoni hupakwa majivu au chumvi kutoa utelezi, na mara nyingi anapakwa akiwa mzima, anajinyonganyonga mkononi. Mpige kwanza kwa rungu au mchi, pigo moja zito juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho. Kisha kata matamvua damu itoke. Majivu yafuate baada ya hapo. Ukishindwa kumpiga mwenyewe, mwombe muuzaji akufanyie kabla hajakufungia.